Maswali na Majibu: Nani Atashika Ufunguo wa Mtambo wa Haidrojeni?

Tangu Kenya ilipozindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani mnamo Septemba 2023, wakati wa Mkutano wa Afrika kuhusu Tabianchi uliofanyika Nairobi, maswali kuhusu gesi hii yamekuwa yakiongezeka katika safu hii. Haidrojeni huitwa ya kijani inapotengenezwa kwa kuyapasua maji kwa umeme usiotokana na mafuta wala makaa, kama vile umeme wa jua, wa upepo au wa mvuke wa ardhini. Wengi wa waliotuandikia hawaulizi bei yake. Wanauliza usalama wake, na hasa ni nani atakayeusimamia.

SWALI: Ndugu Mhariri, tunasikia kwamba viwanda vya haidrojeni vinakusudiwa kujengwa huku kwetu kwa sababu ya umeme wa mvuke wa Olkaria. Baada ya mlipuko wa gesi ya kupikia uliotokea Embakasi, ningependa kujua kama gesi hii ni hatari kuliko gesi ya kupikia. (Mkazi wa Naivasha)

JIBU: Hatari zake ni za namna nyingine, na ni vyema kuzielewa zilivyo badala ya kuzipima kwa kipimo kimoja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inapovuja hutambaa sakafuni, huingia mitaroni na kujikusanya mashimoni mpaka ikutane na moto. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14, na ikivuja mahali pa wazi hupaa na kutawanyika upesi, jambo ambalo ni faida kubwa. Ikivuja ndani ya jengo lililofungwa, hata hivyo, hujikusanya chini ya paa, na hapo ndipo sifa zake mbaya zinapojitokeza. Gesi ya kupikia huwaka ikiwa kati ya takriban asilimia 2 na 10 ya hewa, ilhali haidrojeni huwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75. Nguvu ya cheche inayotosha kuiwasha ni ndogo mno, takriban milijuli 0.02, kiasi ambacho umeme tuli wa nguo ya mfanyakazi unaweza kukizidi kwa urahisi.

Maana yake kwa mkaguzi ni kwamba macho yake yanapaswa kuhama. Aliyezoea maghala ya mitungi huangalia matundu ya hewa yaliyo karibu na sakafu. Kwenye mtambo wa haidrojeni lazima atazame juu, aulize kama paa lina mahali pa kutolea gesi, kama dari lina vijishimo ambamo gesi inaweza kunaswa, na kama vihisio vimefungwa juu au vimewekwa tu pale ambapo fundi aliona ni rahisi kufikia.

Gesi yenyewe si ngeni duniani. Zaidi ya tani milioni 90 hutengenezwa kila mwaka, karibu zote kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na hutumika katika viwanda vya kusafisha mafuta na vya mbolea ambavyo vimeishi nayo kwa miongo mingi. Kilicho kipya ni kwamba sasa inapelekwa kwa watu na mahali ambapo haikuwahi kufika.

SWALI: Mhariri, gesi ya kupikia hutiwa harufu ili mtu atambue inapovuja. Kwa nini haidrojeni nayo isitiwe harufu, na kanuni zikalazimisha hivyo? (Mwalimu wa sayansi, Tanga)

JIBU: Mwalimu, kanuni inaweza kulazimisha, lakini ingeharibu sehemu ya matumizi yenyewe. Harufu ya gesi ya kupikia hutokana na kemikali zenye salfa, na salfa hulemaza seli za mafuta zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme ndani ya magari na mitambo. Zaidi ya hayo, molekuli ya haidrojeni ni ndogo na nyepesi kuliko zote, kwa hiyo gesi inaweza kupenya mahali ambapo kemikali ya harufu haipenyi, au kuitangulia mbali. Katika mabomba yanayopeleka gesi majumbani hoja ya harufu inaendelea kujadiliwa. Viwandani kinachotegemewa ni vihisio.

Kuna ugumu mwingine ambao wanafunzi wako watapenda kuusikia. Mwali wa haidrojeni safi hauonekani vizuri mchana. Mafundi wa zamani wa maroketi huko Marekani walikuwa wakitembea taratibu kuelekea mahali waliposhuku uvujaji wakiwa wamenyoosha fagio la nyasi mbele yao, na ncha ya fagio ilipoanza kuungua walijua moto uko wapi. Siku hizi zipo kamera za joto na vigunduzi vya miale ya urujuanimno, lakini vifaa hivyo ni ghali na havifai kitu ikiwa kikosi cha zimamoto cha karibu hakina hata kimoja. Kwa maoni yetu, sharti la kukinunulia kikosi hicho kamera ya joto na kuwafundisha askari wake kuitumia lingewekwa juu ya mwekezaji mwenyewe, tena kabla ya mtambo kuwashwa.

Uvujaji una upande wa tabianchi pia, nao husahaulika. Haidrojeni ikifika angani huvuruga kemikali zinazoiondoa hewani methani, gesi nyingine inayoongeza joto la dunia, na makadirio ya wanasayansi yanaonyesha kwamba kilo moja ya haidrojeni iliyovuja huchangia joto takriban mara 11 ya kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo mdhibiti anayedai vipimo vya uvujaji anatimiza kazi mbili kwa hatua moja.

SWALI: Mhariri, sisi katika bunge la kaunti tunaombwa kuunga mkono miradi hii, lakini nikiuliza ni ofisi gani itakayosimamia usalama, kila ofisi inaitaja nyingine. Tafadhali nieleze. (Mwakilishi wa wadi, Kaunti ya Nakuru)

JIBU: Mheshimiwa, swali lako ndilo zito kuliko yote tuliyopokea, na tutalipa nafasi yake.

Kwa sheria zilivyo sasa nchini Kenya, mtambo mmoja wa haidrojeni hugusa taasisi zisizopungua tano. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, inafanya kazi chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Mamlaka ya mazingira, NEMA, hutoa leseni baada ya tathmini ya athari. Kurugenzi ya usalama na afya kazini husimamia wafanyakazi na vyombo vyenye mgandamizo mkubwa chini ya sheria ya 2007. Shirika la viwango, KEBS, hushughulikia ubora wa vifaa. Serikali ya kaunti, yaani ninyi, ndiyo yenye mpango wa matumizi ya ardhi pamoja na kikosi cha zimamoto. Kila moja ina muhuri wake, na kila moja inaweza kusema kwa haki kwamba ilitimiza sehemu yake.

Jinsi mpangilio huu unavyoweza kushindwa tulikwisha kuona. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka katika kituo cha kujazia mitungi eneo la Mradi, Embakasi, watu kadhaa wakafariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. EPRA ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kujenga kituo mahali hapo ilikuwa imeyakataa mara tatu mwaka 2023, kwa sababu ramani zake hazikutimiza masharti ya usalama na eneo lilikuwa limejaa makazi ya watu. Ikabainika pia kwamba NEMA ilikuwa imetoa leseni yake, na baadhi ya maofisa wake wakasimamishwa kazi. Ofisi moja ilikataa, nyingine ikakubali, na gesi ikaendelea kuingia na kutoka. Kukataa kwa maandishi hakukufunga lango.

EPRA imekwisha kuchapisha mwongozo kuhusu haidrojeni ya kijani na mazao yake, mwaka 2024. Ni hatua ya kusifiwa, hasa kwa kuwa ilichukuliwa mapema. Hata hivyo mwongozo hubaki kuwa mwongozo, na ni vigumu kumfikisha mtu mahakamani kwa kuukiuka peke yake. Zinazohitajika ni kanuni zinazotungwa chini ya Sheria, zikawekwa mezani Bungeni, zikiwa na adhabu ndani yake na mamlaka ya kufunga mtambo papo hapo. Kwa maoni yetu kanuni hizo zinapaswa kuwa tayari kabla ya tangi la kwanza kubwa kufika bandarini Mombasa, kwa sababu mwekezaji aliyekwisha kujenga husikilizwa zaidi kuliko yule anayeomba kujenga.

Wapi pa kuanzia? Umoja wa Ulaya una agizo linaloitwa Seveso, lililopewa jina la mji wa Italia uliomwagikiwa na sumu kutoka kiwandani mwaka 1976. Agizo hilo hupanga wajibu kulingana na kiasi cha kitu cha hatari kilichohifadhiwa. Kwa haidrojeni wajibu huanzia tani 5 tu, na kuanzia tani 50 mwenye mtambo lazima atoe ripoti kamili ya usalama, awe na mpango wa dharura uliojaribiwa, na majirani waelezwe cha kufanya king'ora kikilia. Kwa gesi ya kupikia viwango hivyo ni tani 50 na tani 200. Tofauti hiyo inakuonyesha uzito ambao watungaji wa kanuni wenye uzoefu waliipa haidrojeni. Kenya haihitaji kunakili agizo zima, ila wazo la kupima wajibu kwa kiasi linafaa sana, kwani halimbebeshi mwenye mtambo mdogo wa maabara mzigo wa kiwanda.

La pili, Mheshimiwa, liko mikononi mwenu moja kwa moja. Umbali kati ya tangi na nyumba hupimwa siku ya kutoa leseni, kisha mashamba ya jirani hukatwa viwanja, plot zikauzwa, vibanda vikaota, na baada ya miaka kumi ule umbali umebaki kwenye ramani tu. Agizo la Seveso linazitaka serikali zidhibiti pia ujenzi mpya kuzunguka viwanda hivyo. Bunge la kaunti likitenga ukanda wa tahadhari katika mpango wa matumizi ya ardhi na kukataa kuubadilisha, litakuwa limefanya kazi ambayo EPRA haiwezi kuifanya kutoka Nairobi.

La tatu ni mlango mmoja. Leseni ya EPRA iwe ya mwisho, isitolewe mpaka nyingine zote ziwe ndani ya faili moja linaloweza kusomwa na umma, na tangu siku ile EPRA iwe ndiyo inayoulizwa. Hapa kuna nafuu ambayo depo ya gesi ya kupikia haina: mtambo unaopasua maji hauwezi kuzalisha chochote bila umeme mwingi, takriban uniti 50 hadi 55 kwa kila kilo ya haidrojeni. Pale unapochukua umeme wa gridi, mdhibiti anaweza kuagiza ukatwe, na uzalishaji ukasimama bila kumbembeleza mtu. Gesi iliyokwisha kuwekwa akiba inabaki, ni kweli, lakini angalau haiongezeki.

SWALI: Mhariri, sisi wakulima tumeambiwa haidrojeni hii itatuletea mbolea ya bei nafuu. Je, kuna hatari yoyote kwetu, au hatari ni ya kiwandani tu? (Katibu wa chama cha ushirika, Trans Nzoia)

JIBU: Ndugu Katibu, umeuliza jambo ambalo wakubwa wengi hulipita haraka. Mkakati wa Kenya umeweka mbolea mbele kuliko mafuta ya magari, na kwa sababu nzuri, kwa kuwa nchi huagiza mbolea ya naitrojeni kutoka nje. Karibu na Naivasha, katika shamba la Morendat, tayari upo mtambo mdogo unaotumia umeme wa jua, wenye uwezo wa takriban tani moja ya amonia kwa siku. Amonia ndiyo hatua ya kati: haidrojeni huunganishwa na naitrojeni ya hewani, na amonia inayopatikana hutumiwa kutengeneza mbolea.

Kwa hiyo gesi ambayo wananchi wa kawaida wa Afrika Mashariki wana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana nayo barabarani si haidrojeni bali amonia. Haiwaki kwa urahisi, lakini ni sumu. Ikihifadhiwa kama kimiminika chini ya mgandamizo, kisha tangi likapasuka, hutoka kama wingu baridi na zito linalotambaa chini, ingawa amonia yenyewe ikiwa gesi ni nyepesi kuliko hewa. Tarehe 24 Machi 1992, katika kiwanda cha mafuta ya karanga mjini Dakar, Senegal, tangi la lori lililokuwa na takriban tani 22 za amonia lilipasuka. Watu 129 walifariki na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, wakiwemo waliokimbilia kuona kilichotokea. Uchunguzi ulionyesha kwamba tangi hilo lilikuwa limewahi kupata ufa na kutengenezwa, na kwamba lilikuwa na mazoea ya kujazwa kupita kiasi kilichoruhusiwa.

Hakukuwa na teknolojia mpya Dakar, wala haidrojeni ya kijani. Kulikuwa na mizani isiyofuatwa na ukarabati wa chombo cha mgandamizo ambao hakuna aliyeufuatilia. Msimamizi anayetaka kulinda wakulima angeanza na mambo hayo mawili: kila tangi lipimwe uzito kabla ya kutoka langoni, na lililowahi kuungwa kwa weldi lisirudi barabarani bila kujaribiwa upya na mkaguzi asiyelipwa na mwenye lori.

Chama chenu, kwa upande wake, kiombe mbolea iliyokamilika, ya punje, si amonia ghafi ya kuhifadhiwa kijijini. Nayo ikiwa ni naitreti ya amonia, isirundikwe ghalani kwa miaka. Bandarini Beirut, Agosti 2020, zilikuwa zimelala takriban tani 2,750 zilipolipuka.

SWALI: Mhariri, nafunga mitambo ya sola. Nikiunganisha paneli moja kwa moja na elektrolaiza ndogo, yaani kifaa cha kupasua maji, kuna tatizo gani? Jua likipungua si inazalisha kidogo tu? (Fundi umeme, Dodoma)

JIBU: Fundi, hapo ndipo watu wawili walipopoteza maisha huko Gangneung, Korea Kusini, Mei 2019. Maji yanapopasuliwa, haidrojeni hutoka upande mmoja na oksijeni upande mwingine, zikitenganishwa na utando mwembamba. Umeme ukiwa mdogo, uzalishaji hupungua lakini oksijeni huendelea kupenya, kwa hiyo sehemu yake ndani ya haidrojeni huongezeka. Katika mradi ule wa majaribio uliotegemea jua, oksijeni ndani ya tangi la haidrojeni ilizidi asilimia 6, na cheche ikatosha. Kifaa cha kuiondoa oksijeni hakikuwa kimefungwa.

Usiunganishe bila kipima oksijeni kinachozima mtambo chenyewe, na bila kiwango cha chini cha umeme ambacho chini yake mtambo husimama. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22734 kinahusu elektrolaiza. Mwulize anayekuuzia kama kifaa chake kimethibitishwa chini yake, na asipokuonyesha cheti, rudi nyumbani na pesa zako. Korea ilipitisha sheria maalumu ya uchumi na usalama wa haidrojeni mwaka uliofuata, 2020, na kulikabidhi shirika lake la usalama wa gesi jukumu la kuisimamia.

Chini ya wiki tatu baada ya Gangneung, tarehe 10 Juni 2019, kituo cha kujazia magari haidrojeni kililipuka huko Sandvika, karibu na Oslo, Norway. Bahati nzuri hakuna aliyefariki; waliotibiwa walikuwa ndani ya gari jirani ambalo mifuko yake ya hewa ilifumuka kwa mshindo. Kisa kilikuwa boliti za kizibo cha tangi la mgandamizo mkubwa ambazo hazikukazwa ipasavyo wakati wa kuunganisha. Gesi ilivuja polepole, mpaka kizibo kikaachia. Mtambo ulikuwa wa kampuni yenye uzoefu, katika nchi yenye wakaguzi wengi. Kumbuka hilo unaposhika spana.

SWALI: Assalaam alaikum. Nipo Muscat, na hapa tunaona serikali inagawa ardhi kubwa jangwani kwa miradi ya haidrojeni. Je, nchi za kwetu haziwezi kufuata mtindo huu? (Msomaji, Oman)

JIBU: Waalaikumu salaam. Oman iliunda kampuni ya serikali, Hydrom, mwaka 2022, nayo ndiyo inayogawa maeneo kwa mnada, hasa katika majimbo ya Al Wusta na Dhofar. Faida ya kiusalama ya mtindo huo ni kwamba mwekezaji haendi kutafuta kiwanja mwenyewe. Serikali huchagua mahali kwanza, mbali na makazi. Pwani yetu na Bonde la Ufa havina jangwa tupu la namna hiyo, na popote utakapoweka mtambo pana mfugaji, shamba au hifadhi ya wanyama. Wazo la serikali kuchagua maeneo kabla ya kuwaalika wawekezaji, hata hivyo, linafaa kuigwa, mradi wenyeji waulizwe mwanzoni.

SWALI: Mhariri, naendesha lori la mafuta kutoka Mombasa kwenda Kampala. Nikiambiwa nibebe amonia au haidrojeni, niangalie nini? (Dereva)

JIBU: Ndugu dereva, kwanza angalia kibao cha rangi ya chungwa na namba iliyoandikwa sehemu yake ya chini. Amonia isiyo na maji ni 1005, haidrojeni ya kugandamizwa ni 1049, na haidrojeni ya kimiminika, iliyopozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, ni 1966. Kama lori halina namba, au namba haifanani na karatasi, usiwashe injini. Dai kuona hati ya upimaji wa tangi na karatasi ya mizani. Usiegeshe Mlolongo, Salgaa wala penye watu wakati unakula.

Ukipata ajali na amonia ikaanza kutoka, usikimbie kuufuata upepo. Kata upande mpaka utoke nje ya wingu, ukiwa umejifunika pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu amonia huyeyuka kwa wingi majini. Wazuie watu wasisogee, wawe na vidumu au hawana. Usimwage maji juu ya dimbwi la amonia lenyewe, kwani yatalifanya lichemke na kutoa gesi zaidi. Wazimamoto hunyunyizia maji wingu. Ukipiga simu, taja ile namba ya kibao mwanzo, kisha mahali ulipo, kisha upepo unaelekea wapi.